Utii wa Mkristo wa mazao uanzie kwenye mizani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na Wakristo wenzetu wanaolima, wanaonunua na wanaosafirisha mazao. Msimu wa mavuno unapofika, makanisani huwa kuna ibada za shukrani, mahubiri ya kumtumaini na kumtii Mungu husikika karibu kila Jumapili, na wanaoitikia "amina" ni wengi. Jumatatu asubuhi wengi wa hao hao hukutana shambani, mmoja na viazi vyake, mwingine na magunia matupu, sindano na kamba. Hoja yetu ni kwamba kwa mtu wa mazao, swali la kama anamtumaini Mungu hujibiwa pale, kabla mdomo wa gunia haujashonwa.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, kila mtu anaijua, lakini si kila mtu amesimama karibu akaona inavyofungwa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, likatikiswa, likapigwa chini mara mbili tatu ili viazi vikae, kisha likajazwa tena. Hapo mtu mwaminifu angeshona. Mfungaji wa lumbesa hashoni bado. Anaongeza kipande cha gunia jingine au wavu wa kamba juu ya mdomo, anapanga viazi kimoja kimoja kwa ufundi mpaka panakuwa na kichuguu, ndipo anavuta kamba. Kilichopaswa kuwa kilo 100 kimekuwa kilo 130, pengine zaidi. Mkulima analipwa gunia moja. Mchukuzi anayelibeba mgongoni hadi kwenye lori naye analipwa gunia moja, na uti wa mgongo wake haujui kwamba zile kilo 30 hazimo kwenye hesabu.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002 kusimamia hilo. Wenzetu wa Kenya kwa upande wa viazi wameenda mbali zaidi: kanuni zao za mwaka 2019 zinataka gunia la kilo 50. Upande wa Serikali umesemwa sana na hatutaurudia. Kinachotusumbua ni ukimya wa kanisa, kwa sababu Biblia haikukaa kimya hata kidogo.

Mambo ya Walawi 19:35-36 inataka mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki na hini ya haki, yaani vya kupimia uzito, nafaka na vimiminika kwa pamoja, asibaki mtu wa kusema biashara yake haikutajwa. Na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu ndiye aliyewatoa Waisraeli Misri. Hao watu walikijua kipimo cha dhuluma kwa miili yao: katika Kutoka 5 Farao aliwanyima majani ya kufyatulia matofali, na bado akadai hesabu ile ile ya matofali kila siku. Aliyetolewa katika nyumba ya namna hiyo anaambiwa asiifungue tena kibandani kwake. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Amosi 8:5 inawataja kwa ukali watu wanaosubiri sabato iishe waende wakapunguze kipimo cha nafaka na kuiongeza shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi. Walihudhuria ibada hao, tena bila kukosa. Shida yao ilikuwa wanaitazama saa.

Kuna mstari mmoja unaopendwa sana wakati wa matoleo, Luka 6:38, unaosema juu ya kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Husomwa ili watu watoe, wakitazamia kurudishiwa. Ukiusoma na mnunuzi wa viazi akiwa ameketi benchi la mbele, sura yake hubadilika, kwa sababu kushindilia, kusuka-suka na kujaza hata kumwagika ndiyo kazi anayoifanya kila siku. Tofauti ni kwamba Bwana alimwambia atoe kwa kipimo hicho, naye anakitumia kuchukulia. Na mstari haukuishia hapo: kipimo kile kile mpimiacho ndicho mtakachopimiwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana utii usiojua hesabu hufika Jumanne ukaishia hapo.

Tuseme mnunuzi analipa shilingi 52,000 kwa gunia la lumbesa lenye kilo 130. Bei halisi ni shilingi 400 kwa kilo. Mnunuzi mwingine anafika na mizani, anasema: nalipa shilingi 400 kwa kilo, gunia la kilo 100 ni shilingi 40,000. Mkulima anasikia 40,000 na 52,000, anamfukuza wa pili na kumkumbatia wa kwanza. Wote wawili wanatoa bei ile ile! Hapa ndipo watu wengi hawaielewi dhambi ya lumbesa. Si lazima bei iwe ndogo. Kinachofanyika ni kuificha bei, ili mkulima asiweze kuilinganisha na ya soko, na asijue kwamba kwenye magunia 20 ametoa kilo 600 ambazo hazikuandikwa popote. Mungu hakumwagiza mnunuzi alipe bei ambayo biashara haiwezi kuibeba. Alimwagiza apime kweli, bei ijadiliwe mchana kweupe.

Kwa nini lumbesa haifi? Kwa sababu karibu kila malipo ya njiani huhesabiwa kwa gunia: kupakia kwa gunia, kushusha kwa gunia, nauli ya lori mara nyingi kwa gunia, na getini gunia huhesabiwa kwa macho. Anayefunga magunia machache makubwa analipa kidogo kila kituo. Mkristo anayeamua kufunga kilo 100 ajue mapema kitakachomgharimu. Chukua mzigo wa tani 10. Kwa lumbesa ya kilo 130 ni magunia 77. Kwa kilo 100 ni magunia 100, yaani 23 zaidi. Tuseme kupakia ni shilingi 1,500 kwa gunia, gunia tupu ni 1,000 na nauli ni 5,000. Kwa magunia 23 hiyo ni shilingi 172,500 zaidi. Igawe kwa kilo 10,000, unapata kama shilingi 17 kwa kilo. Akikubaliana na mwenye lori kulipa nauli kwa tani badala ya gunia, zinabaki shilingi 57,500, chini ya shilingi 6 kwa kilo. Kila mtu aweke namba za njia yake. Za hapa ni za mfano. Lakini azipige kweli, kwa kalamu. Wengi husema uaminifu haulipi na hawajawahi kuukokotoa.

Hizo shilingi chache kwa kilo ndizo zinazobaki mikononi mwa imani. Kuna wakulima watakaokupita siku za kwanza. Kuna wenzako sokoni watakaokucheka, kwa sababu gunia lako la kilo 100 likisimama karibu na lumbesa linaonekana limekonda. Dalali atakushusha bei kwa macho kabla hajapima. Tusiwadanganye watu kwamba Mungu ameahidi faida maradufu kwa kila anayepima kweli. Ahadi iliyoambatana na jiwe kamili katika Kumbukumbu la Torati 25:15 ni siku nyingi katika nchi, na siku nyingi zinapatikana pia kwa mtu mwenye kipato cha kawaida. Mhubiri anayemwahidi mnunuzi gari jipya kwa sababu ameacha lumbesa anampandisha jukwaani mtu atakayerudi kwenye lumbesa msimu mmoja ukimwendea vibaya.

Mojawapo ya masomo ya kwanza ya kumtumaini Mungu ambayo Israeli walipewa jangwani lilikuwa somo la kupima. Soma Kutoka 16. Mana ilipimwa pishi moja kwa kila mtu. Aliyeokota nyingi hakubakiwa, na aliyeokota chache hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka ya kesho iliingia mabuu ikanuka. Siku ya sita pishi mbili, nazo hazikuoza. Waliotoka kuokota siku ya saba hawakuona kitu. Hakuna mahali pale walipoulizwa wanajisikiaje juu ya Mungu. Imani yao ilionekana kwenye chombo: umechukua pishi moja au umejaza na nguo?

Basi mizani yenyewe. Mtu anaweza kutubu machozi yakamtoka na bado akaiba, kwa sababu ametubu moyoni na mizani imebaki ile ile.

Mizani ya saa ya kuning'iniza ndiyo inayoonekana zaidi vijijini. Kabla ya kupima chochote, ining'inie wima bila kuegemea nguzo, ndoano na kamba ya kufungia vikiwa vimeshatundikwa, halafu mshale uwe kwenye sifuri. Ukiwa kilo mbili chini ya sifuri, kila gunia linampunja muuzaji kilo mbili, na kwenye magunia 50 hiyo ni kilo 100 kamili. Gunia likishatundikwa lisiguse ardhi, wala goti la mtu, wala mguu wa meza. Goti ni ujanja wa zamani: mnunuzi anajifanya analituliza gunia lisiyumbe huku analiinua. Subiri mshale utulie, usome ukiwa na macho usawa wake. Anayesoma kutoka chini au pembeni ataona namba tofauti.

Kuijaribu hakuhitaji fundi. Lita moja ya maji safi ina kilo moja. Chukua dumu la lita 20, lipime tupu, kisha ulijaze lita 20 kwa kutumia chupa ya lita moja unayoiamini, ulipime tena. Tofauti iwe kilo 20. Usiishie hapo, tundika madumu matano kwa pamoja, kwa sababu springi iliyochoka inaweza kusema kweli kwenye kilo 20 na kukosea kwenye kilo 100. Ukiona kosa, usianze kugonga wala kukunja mwenyewe. Mwite afisa vipimo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka na kuwekewa alama. Stika ya mwaka juzi ni karatasi tu, na mizani yenye stika mpya iliyoanguka kutoka kwenye lori juzi nayo ni ya kutiliwa shaka.

Mizani ya dijito ina magonjwa yake. Ikikaa mahali pasipo sawa inakosea. Betri ikiwa chini inarukaruka. Na kile kitufe cha kuondoa uzito wa chombo kinaweza kubonyezwa kukiwa na kitu juu ya mizani, ikaanza kuhesabu kutoka chini ya sifuri. Muuzaji ana haki ya kuiona ikiwa tupu, inasoma sifuri, kabla ya kila mzigo. Mnunuzi Mkristo asisubiri kuombwa, aionyeshe.

Debe nalo, maana bado linatumika sana kwa mahindi, maharage na mpunga. Debe halisi ni lita 20, na kwa mahindi watu huhesabu debe sita kwa gunia. Kuna wanaomiliki madebe mawili: la kununulia lililogongwa kutoka ndani likatanuka matumbo, na la kuuzia lililobonyezwa pande na kitako kikasukumwa juu. Ukitaka picha ya yale mawe mawili ya Kumbukumbu la Torati, ni hii. Jaza debe lako maji kwa chupa ya lita moja, uhesabu. Kisha kubalianeni kabla ya kuanza: je, ni la kusawazishwa kwa mti uliopitishwa mdomoni, au la kujazwa kichwa? Debe lenye kichwa kununulia, na la kusawazishwa kuuzia, ni wizi hata kama bati lenyewe halijaguswa.

Makato. Gunia tupu la katani lina kama kilo moja, la plastiki halifiki hata robo kilo. Anayekata kilo mbili "za gunia" kwenye gunia la plastiki amekula karibu zote. Unyevu ndio mlango mpana zaidi, kwa kuwa mkulima hauoni. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18 yakikaushwa hadi 13.5 yanabaki kama kilo 95. Kwa hiyo kukata kilo tano ni haki. Kukata kilo 10 kwa kuuma punje na kusema "haya mabichi" si haki. Mnunuzi asipokuwa na kipima unyevu, angalau atumie chumvi mbele ya muuzaji: chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, mahindi robo chupa, kijiko cha chumvi iliyokauka, funga, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi. Isipogandamana, huna sababu ya kukata kiasi hicho. Chumvi iwe imeanikwa, vinginevyo inaganda kwa unyevu wake yenyewe na kumsingizia mkulima.

Wakulima wasome sehemu hii bila kushangilia sana. Viazi vikubwa juu na chini na vile vya kuku katikati ya gunia. Mchanga na maji kwenye pamba. Mawe kwenye mpunga. Mahindi yaliyoliwa na dumuzi yakifichwa chini ya masafi. Viazi vilivyokaa juani vikawa kijani vikichanganywa na vingine. Anayefanya hivyo anamlilia Mungu juu ya lumbesa kwa mdomo ule ule. Wapo wanunuzi wanaojitetea kwamba wanajaza kichuguu ili kufidia uchafu wa mkulima, na mkulima anajitetea kwamba anachanganya uchafu kufidia kichuguu. Mmoja lazima aanze kuacha. Kwetu, anayemjua Mungu ndiye anayeanza, hata kama mwenzake hajaahidi kitu. Tena aseme waziwazi: "Gunia hili lina kilo 100, viazi ni vya ukubwa mmoja, mwaga chini uone." Viazi vikimwagwa mbele ya mnunuzi mara moja tu, mazungumzo ya bei hubadilika.

Kuna kundi ambalo mahubiri hulisahau, nalo ni makarani wa mizani. Kijana ameajiriwa, bosi anamwambia soma pungufu kilo tatu kila mzigo. Kumwambia "acha kazi leo" ni rahisi kwa asiyemlipia kodi ya chumba. Danieli anafundisha njia nzuri zaidi katika sura ya kwanza. Alipoamua asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme hakugoma wala hakutoroka. Aliomba ruhusa, na alipokataliwa alipendekeza jaribio la siku kumi, mboga na maji, kisha walinganishwe. Karani anaweza kumwendea bosi faragha, si mbele ya wakulima, akaomba siku kumi za kusoma kweli huku bei ya kilo ikishushwa wazi kwa kiasi kile kile ambacho bosi alikuwa anakipata kwa wizi. Aandike kila siku: kilo zilizoingia, kilo zilizopokelewa sokoni, wakulima waliorudi, ugomvi uliotokea. Mara nyingi bosi atagundua kwamba kilo zake za wizi zilikuwa zinaliwa na karani mwingine au na dalali, kwa sababu penye mizani ya uongo hakuna anayeweza kumkagua mwenzake. Akikataa kabisa, karani aombe kuhamishiwa kupakia au stoo. Hilo nalo likishindikana, hapo kuondoka kunakuwa utii, na jumuiya yake imsaidie chakula hadi apate kibarua. Jumuiya inayomsifu kwa kusimama imara na kumwacha alale njaa haijamsaidia.

Waliokwisha kupunja nao wanauliza: ya nyuma tufanyeje? Zakayo alirudisha mara nne kwa hiari yake. Kiwango cha sheria kwa aliyekiri mwenyewe kipo katika Mambo ya Walawi 6:1-5: kile ulichochukua chote, na sehemu ya tano juu yake. Tuseme kwenye magunia 20 ulilipa bei ya kilo 100 kwa kila gunia na ukachukua kilo 130: ni kilo 600 kwa shilingi 400, yaani shilingi 240,000. Ongeza sehemu ya tano, 48,000. Jumla 288,000. Andika majina ya wakulima unaowakumbuka, misimu, na idadi ya magunia kadiri daftari linavyoonyesha. Pasipo daftari, kadiria kwa kumpendelea aliyepunjwa. Nenda kwake mwenyewe, na mzee mmoja wa kanisa kama shahidi, sema ulichofanya bila kuzunguka, na ulipe au muandikiane mtalipana lini. Amekufa? Ni ya warithi. Hesabu 5:8 inasema asipokuwepo ndugu wa kupokea, kinakuwa cha Bwana kupitia kuhani; leo hiyo iende kwa maskini wa eneo lile lile, kwa stakabadhi.

Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza ni kukopa mkopo wa kausha damu ili ulipe haraka upate amani. Unatoka kwenye deni la mkulima na kuingia kwenye deni litakalokurudisha kwenye kichuguu. Lipa kwa awamu. La pili ni kupeleka fedha hizo kanisani kama sadaka kubwa ya shukrani huku mkulima uliyempunja yupo kijiji cha pili na anadai. Mathayo 5:23-24 inasema iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza. La tatu ni ushuhuda. Mtu analipa mkulima mmoja, anasimama madhabahuni anashangiliwa, na orodha ya wale wengine inaishia hapo. Ushuhuda ungoje hadi jina la mwisho lifutwe.

Wana wa Yakobo walifungua magunia yao ya nafaka wakakuta fedha midomoni mwake. Baba yao, katika Mwanzo 43:12, aliwaambia wairudishe, labda lilikuwa kosa la mtu. Walikuwa na njaa, wako mbali na Misri, na hakuna aliyekuja kuwadai. Waliirudisha kwa uzani wake kamili, pamoja na fedha nyingine ya kununulia.

Na kanisa lenyewe? Baada ya ibada ya mavuno mazao hunadiwa nje: ndizi, kuku, mahindi kwa debe, viazi kwa gunia. Katika sharika nyingi hakuna mizani mnadani. Gunia la viazi lililoletwa na mkulima kama sadaka ni lumbesa ile ile, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa kufunga, na mwenye kulinunua ni yule yule mfanyabiashara, anayelipata kwa bei ya gunia moja mbele ya mchungaji. Tunapendekeza kila baraza la wazee linunue mizani moja ya kilo 150 au 200, liipeleke ihakikiwe, na mnada uendeshwe kwa kilo. Mizani hiyo isifungiwe ofisini Jumatatu. Ikae kwa mtunza stoo au mwenyekiti wa jumuiya, mkulima yeyote, muumini au asiye muumini, apime mzigo wake kabla mnunuzi hajafika, na aandikiwe kikaratasi chenye tarehe na kilo. Watu wawili wasiohusiana waisimamie, wafanye lile jaribio la maji kila wiki, na matokeo yabandikwe ukutani. Usharika mmoja ukiwa na mizani, mnunuzi wa lumbesa huwa na kazi ya kueleza.

Wazee wa kanisa ambao ni wanunuzi wakubwa wa mazao waanze wao. Wanajulikana. Hatuoni sababu ya mtu kushika chombo cha sadaka Jumapili na wavu wa lumbesa Jumatatu, na baraza lake likaogopa kumuuliza kwa kuwa ndiye aliyenunua mabati.

Kwako Mhariri tuna ombi. Kurasa za bei za mazao katika magazeti yetu hutaja bei kwa gunia la kilo 100. Mkulima anayesoma hulinganisha namba hiyo na lumbesa yake na kuona amepata zaidi. Tunaomba gazeti lako liwe linachapa bei kwa kilo moja kando ya ile ya gunia, kwa viazi, vitunguu, mahindi na maharage, na kwa herufi kubwa za kuonekana kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa duka. Sisi tutazibandika kwenye mbao za matangazo za sharika zetu kila Jumapili.

Wazee wa kanisa na wafanyabiashara wa mazao,
Njombe